Furushi la Chini

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja likakunjika sawasawa. Atakayejaribu ataliburuta sakafuni, na lililogusa sakafu linarudi kwenye maji. Ndiyo maana katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, mashine zikishanyamaza, wanaume wawili wazima walisimama wakitazamana kama watu wanaotaka kucheza dansi halafu wakaoneana aibu. Kila mmoja alishika ncha mbili. Walivuta shuka likanyooka, wakalikung'uta likalia kama kofi, kisha wakaendeana mpaka vidole vikagusana. Mmoja alimkabidhi mwenzake ncha zake, akainama kuokota mkunjo, wakaachana tena.

Kazi hiyo iliwapa namna yao ya kuongea. Feni la kutolea mvuke lilinguruma kutwa nzima, na kupigiana kelele kutoka mbali kulikuwa kujichosha bure. Kwa hiyo walisema walipokutana na walinyamaza walipoachana.

"Juzi mke wangu," mmoja angeanza. Wakaachana, wakavuta, wakarudi. "Kanifungia mlango nje." Wakaachana tena. Mwenzake alisubiri kwa hamu. "Kumbe mimi ndiye niliyekosea nyumba."

Hadithi fupi iliweza kumaliza kikapu kizima cha mashuka.

Mkubwa kwa umri, aliyesimamia mashine za kufulia, aliitwa Shemasi. Hakuwa shemasi. Kanisani kwake alikuwa mpanga viti, kazi aliyoifanya kwa heshima kubwa, akipima safu kwa jicho moja kama fundi anayetazama ubao. Rafiki yake aliposikia habari hiyo alimpandisha cheo papo hapo, na hospitali nzima ikakipokea. Rafiki huyo mwenyewe aliitwa Pasi, kwa sababu ndiye aliyepiga pasi, na pia kwa sababu ulimi wake ulikuwa na moto uleule.

Pasi hakuwa mtu wa kanisa. "Mimi na Mungu hatuna ugomvi," alikuwa akisema. "Yeye ana kazi zake, mimi nina mashuka." Siku nyingine alimchokoza mwenzake: "Shemasi, hivi huko mbinguni kwenu watu wanavaa nini?"

"Mavazi meupe."

"Meupe! Basi mimi siendi. Nani atayapiga pasi? Mtanitafuta mimi tu."

Shemasi alicheka mpaka akashika mbavu. Miaka yote alicheka hivyo, wala hakumsukuma kwenda kanisani. Waligawana mkate na chai. Mama yake Shemasi alipofariki, Pasi alikuja mapema kuliko ndugu wa damu, akabeba viti kutoka kanisani mpaka nyumbani, akavirudisha vyote bila kuulizwa. Alipoona Shemasi anainamisha kichwa kabla ya kula, naye alinyamaza mpaka kichwa kiinuke, kisha akasema, "Haya, umeshaongea na wakubwa, tule." Huo ndio uliokuwa urafiki wao, na ulikuwa mzima.

Kisha kanisani kwa Shemasi alikuja mchungaji mpya, kijana mwenye sauti nzuri na mipango mingi. Alifundisha kwamba imani inapita vizuri zaidi katika urafiki wa kila siku kuliko katika spika za barabarani. Jambo hilo ni kweli, na Shemasi alitikisa kichwa kulikubali. Lakini mchungaji alikuwa na haraka ya ujana. Aliwataka waumini wasimame mmoja mmoja wamtaje rafiki ambaye kila mmoja angemleta ibadani. Shemasi hakuwa amezoea kusimama mbele za watu. Kazi yake ilikuwa kuwakalisha wengine. Siku hiyo alisimama.

"Mimi nitamleta rafiki yangu wa kazini," alisema, akamtaja.

Watu walipiga makofi. Shemasi aliketi, na moyoni alijisikia amevimba kidogo, kama mkate uliotiwa hamira.

Ni katika siku hizohizo mke wa Pasi alipolazwa. Ini lilikuwa limeharibika; macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji. Wakampa kitanda katika wodi ya wanawake, ghorofa ya juu, karibu na dirisha. Shemasi alimwita shemeji, na shemeji alimtania kila alipopanda kumwona. "Shemasi, mbona shuka langu lina tundu? Unafua au unatafuna?"

Mablanketi ya hospitali yalikuwa yamefuliwa mpaka yakawa mepesi kama karatasi, kwa hiyo Pasi alimletea mkewe blanketi la nyumbani. Lilikuwa la kijani. Mke mwenyewe ndiye aliyelishona pindo, na uzi wa kijani ulipomwishia katikati ya kazi alimalizia kwa uzi mwekundu, akasema anayelala halioni pindo. Pasi alikataza lisiingie mashine moja na ya wengine. Alilifua kwa mikono, akalipiga pasi ya vuguvugu, akalipandisha juu mwenyewe kama mtu aliyebeba keki.

Alasiri moja walikuwa wakikunja mashuka. Walipokutana Pasi alisema, bila utani safari hii, "Shemasi, wewe unaomba."

Wakaachana, wakavuta, wakakung'uta, wakarudi.

"Huwa anasikia kweli?"

Hapo ndipo mlango wa moyo wa Pasi ulipofunguka wenyewe, bila kugongwa. Mtu angeweza kuingia polepole akakaa. "Anasikia," alijibu Shemasi, na alichosema alikiamini kwa moyo wote. Angeishia hapo. Lakini walipokuwa wanaachana alimwona rafiki yake amesimama na shuka mkononi, shingo ameisogeza mbele, anamtazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima aliyeshika kitu nyuma ya mgongo. Alikumbuka pia yale makofi. Walipokutana tena akaongeza:

"Na shemeji atapona. Nimeliombea jambo hili, nimepewa jibu."

Pasi hakuachana naye. Alibaki amemshika vidole pamoja na shuka. "Umepewa?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na Mwenyewe."

Ukweli ni kwamba Shemasi alikuwa ameomba, tena kwa machozi, na baada ya kuomba alijisikia mwepesi akalala vizuri. Basi. Hakukuwa na kingine. Hakusema kwa ubaya. Alitaka iwe hivyo kiasi kwamba kutaka kwenyewe kulifanana na kujua.

Jumapili Pasi alikuja kanisani. Alikaa kwenye kiti alichopangiwa na rafiki yake, amevaa shati lililonyooshwa mpaka likawa na makali. Watu walimpa mikono, mchungaji akamkumbatia. Jumatatu alikuwa akipiga pasi huku akiimba wimbo alioushika kanisani, maneno yakiwa nusu ni yao na nusu ni yake. Aliwaambia wapishi, walinzi na wauguzi: "Mke wangu anapona. Shemasi kapewa."

Daktari alimwita mara kadhaa waongee. Pasi alikuwa na majibu. "Ananiitia nini? Madaktari wakikosa la kufanya wanatafuta mtu wa kumtisha." Binti yao wa pekee alikuwa akifanya kazi mbali, safari ya mabasi ya kuunganisha. Alipiga simu akitaka kuja, na baba akamkataza. "Usipoteze kazi yako, mwanangu. Kabla hujafika mama yako atakuwa nyumbani anakugombeza kwa simu."

Shemasi alisikia hayo yote. Angesema nini? Kwamba labda? Alijiambia kuwa imani haina labda, akaenda kufungulia maji.

Sasa kuna utaratibu mmoja wa chumba kile ambao haujaandikwa popote. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, mashuka yake yanashushwa yakiwa wazi, yanamwagwa kwenye kikapu pamoja na mengine. Mgonjwa akifariki, vitu vyote vya kitanda vinafungwa ndani ya shuka lake mwenyewe, pembe zinapishanishwa na kupigwa fundo mara mbili, na furushi haliwekwi kikapuni. Linawekwa chini, sakafuni, mbele ya dirisha la kupokelea, lililofika karibu na sakafu, ili lichemshwe peke yake. Pale kazini waliliita furushi la chini. Hakuna aliyetaja neno lenyewe. Wafuaji walijua habari za hospitali kabla ya ndugu wengi, nao walifundishana kufunga midomo.

Asubuhi moja Shemasi alifungua dirisha la kupokelea akakuta furushi chini. Lilikuwa na mafundo mawili. Alishusha pumzi kama alivyozoea, akasema moyoni, Mungu amlaze pema, yeyote yule. Akainama kuliinua. Ubavuni, pale shuka lilipoachana, kilichungulia kipande cha kitu cha kijani, na pembeni yake pindo la uzi mwekundu.

Alishika ukingo wa dirisha.

Upande wa pili wa chumba Pasi alikuwa ameshawasha mashine yake, mvuke umemfunika mpaka kiunoni, anaimba. Alimpa Shemasi kisogo. Shemasi alilikumbatia furushi, akalipeleka nyuma ya tangi la maji ya moto, akalisukuma kwa mguu mpaka likapotea kizani. Alipokuwa akilisukuma alijisikia kama mtu anayezika bila ruhusa.

Alijiambia kwamba anasubiri nesi ashuke, kwamba habari kama hiyo ina wenyewe, kwamba si kazi ya mfuaji. Nesi hakushuka. Alijaribu kuomba, akakuta hana uso wa kumtazama Mungu. Somo lote la kanisani alikuwa nalo kichwani, majibu yamepangwa safu kwa safu kama viti: la kumwambia aliyefiwa, la kumwambia anayeuliza kwa nini, la kumwambia aliyekasirika. Alipitia safu moja baada ya nyingine na hakuona mahali pa kumkalisha rafiki yake. Jikaze kisabuni, alijiambia, na katika chumba kile kilichojaa sabuni maneno hayo yalimtia uchungu zaidi.

"Shemasi!" Pasi aliita katikati ya mvuke. "Nimefikiria. Mke wangu akitoka, mimi na yeye tubatizwe siku moja. Unasemaje?"

Shemasi alisema ni jambo zuri.

"Ila uliza kwanza maji yenu ni ya moto au ya baridi. Yule mwanamke na maji ya baridi, hata Mungu mwenyewe hamwezi."

Shemasi alifungua bomba lililokuwa halina kazi ili maji yafanye kelele.

Chumba cha upasuaji kiliagiza mashuka mapema siku hiyo, kwa hiyo hawakuweza kungoja alasiri. Pasi alizima mashine yake, akachukua shuka la kwanza, akarusha upande wa pili. Shemasi alidaka ncha zake. Walivuta. Walikung'uta. Pasi alikuja mbele hatua zake za kawaida, akafika katikati, akakuta mwenzake hakuja.

"Njoo basi."

Shemasi alisimama palepale na ncha mikononi. Alitaka kwenda. Miguu haikutaka.

"Mzee, shuka limeshakauka, hatulianiki tena. Njoo."

Akija, vidole vitagusana, na Pasi atamtazama. Huo ndio utaratibu wa kazi. Machozi yalianza kumtoka kabla hajayaruhusu, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Tabasamu la Pasi lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahaulika kuzimwa. Alimtazama Shemasi. Kisha akageuza kichwa, akatazama sakafu mbele ya dirisha la kupokelea. Palikuwa patupu. Alikuwa mtu wa kazi ile kwa miaka mingi.

"Kuna furushi," alisema. Hakuwa anauliza. "Liko wapi?"

Shemasi alionyesha kwa kidevu.

Pasi aliachia shuka likaanguka sakafuni. Alikwenda nyuma ya tangi, akainama, akalivuta furushi mpaka kwenye mwanga. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili lilimshinda, yeye aliyefungua mafundo kama hayo maisha yake yote, akawa analivuta kwa meno. Alipoliona blanketi aliketi chini kwenye majimaji, akalipapasa pindo mpaka vidole vilipofika penye uzi mwekundu.

"Tangu saa ngapi?"

"Nimelikuta asubuhi."

"Asubuhi." Alifikiri. "Na mimi nilikuwa ninaimba."

Pasi aliinua macho.

"Ulisema umepewa."

"Nilisema."

"Ulipewa?"

Majibu yote yalikuja mbio yakajipanga: njia za Mungu, mapenzi yake, uponyaji wa aina nyingine. Moja tu lingetosha kumwokoa. Shemasi aliyatazama, akaona aibu.

"Hapana," alisema. "Niliomba, nikajisikia vizuri. Jibu nililiongeza mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unanitazama." Akaona bado hajamaliza. "Na kanisani nilikuwa nimeshakutaja. Walinipigia makofi."

Pasi alitikisa kichwa polepole. "Kumbe mimi nilikuwa kiti," alisema. "Ulikuwa unanipanga."

Maneno hayo yalimwingia Shemasi mpaka kwenye mfupa.

"Binti yangu nilimwambia asije," Pasi alisema tena, sasa akiliambia blanketi. "Nilimkataza kwa mdomo wangu."

Shemasi aliketi naye kwenye majimaji. Hakumgusa, hakumwombea, hakusema pole. Feni lilinguruma juu yao. Walikaa hivyo mpaka Pasi alipoinuka, blanketi likiwa kifuani.

"Twende juu."

"Na mimi nije?"

"Unataka nipandeje zile ngazi peke yangu?" Pasi alimfokea. "Inuka."

Walipanda. Kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa na godoro tupu, limepanguswa, bado na unyevu. Pasi aliweka kiganja juu yake. Kwenye kitanda cha jirani bibi mmoja aliinua kichwa.

"Mnamtafuta mwenye blanketi la kijani? Wamemhamisha alfajiri. Alitapika damu nyingi, masikini. Yuko kile chumba cha mwisho."

Hakuna kati yao aliyeelewa mara moja. Mhudumu wa wodi, msichana mgeni kazini, alikuwa akipita na ndoo. Shemasi alimshika mkono.

"Binti, nani kafunga lile furushi?"

"Mimi, baba. Kwani kuna kosa?" Aliogopa. "Lilikuwa na damu, nikalifunga lisidondokee kwenye ngazi. Fundo moja lilikuwa linafunguka, nikapiga la pili. Kikapu chenu kilikuwa kimejaa, nikaliweka chini."

Pasi alikuwa ameshaondoka. Shemasi alimkuta chumba cha mwisho, amepiga magoti kando ya kitanda, paji la uso liko kwenye ukingo wa godoro. Shemeji alikuwa amelala chali, uso umemwisha, macho ya manjano yako wazi. Aliwatazama kwa zamu.

"Mbona mmekuja wote wawili?" alisema kwa sauti ya kuazima. "Hospitali imekosa mashuka?" Kisha akaona alichobeba mumewe. "Na blanketi langu hata hamjalifua."

Pasi alicheka. Kilikuwa kicheko kinachofanana na kikohozi, na hakikuisha upesi.

Wakati huo Shemasi aliusikia moyo wake ukiruka. Yu hai! Basi huenda ilikuwa kweli, huenda alipewa na hakujua. Neno "unaona?" lilimfika ulimini, tamu kama asali. Alilishikilia hapo. Pasi alikuwa amegeuka anamtazama, macho mekundu, tena kwa kule kutazama kwa shingo mbele. Shemasi alifunga mdomo mpaka meno yakamuuma.

Daktari aliwaita ukumbini. Alikuwa mama wa makamo, amechoka, lakini hakuwa na haraka. Ini lilikuwa limefika mwisho, alisema, na mishipa imeanza kupasuka. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu.

"Nimekuita mara nyingi, baba."

"Niliambiwa anapona," Pasi alijibu.

"Na nani?"

Pasi alitazama sakafu.

"Na mimi," alisema Shemasi.

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni wa kufulia."

Daktari alimtazama kwa muda mrefu. Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Aliwaambia tu kwamba kama kuna ndugu wa kuitwa, aitwe leo.

Pasi alitoa simu, akatafuta jina la binti yake, akaliona, akashindwa kubonyeza. Alimpa Shemasi. "Wewe ulisema mwanzo. Sema na hili."

Shemasi alisema haloo, na binti akaitambua sauti yake, akachangamka. "Shikamoo, baba mkubwa! Leo umemnyang'anya baba simu?"

"Marahaba, mwanangu. Njoo nyumbani. Mama yako hali yake si nzuri."

"Si baba alisema anapona?"

"Alisema hivyo kwa sababu mimi nilimwambia. Sikuwa ninajua. Njoo, mwanangu, usingoje."

Alisikia pumzi upande wa pili, kisha simu ikakatika.

Siku zilizofuata Pasi hakumtukana, na hakuimba. Walifua, walipiga pasi, walikunja. Kazi ile haikuwaruhusu kununiana kwa mbali: kila shuka liliwataka waendeane mpaka vidole viguse. Walikutana wakiwa kimya, wakaachana wakiwa kimya. Mara moja tu Pasi alianza, "Yule daktari," na walipokutana tena hakumalizia, na Shemasi hakuthubutu kuuliza.

Jumapili watu wa kanisani walimtafuta mpanga viti. Alikuwa chumba cha mwisho, ameshika upande mmoja wa shuka safi na Pasi upande wa pili, wanalipitisha chini ya shemeji bila kumwinua, kwa ustadi ambao wauguzi walisimama kuutazama.

"Wanakungoja kanisani," Pasi alisema.

"Wangoje."

"Nani atawapangia viti?"

"Watasimama."

Pasi alivuta ncha yake, akaichomeka chini ya godoro. Hakumwambia aende.

Binti alifika na vumbi la safari kwenye nywele. Mama yake alikuwa ameacha kusema siku iliyotangulia. Macho yalikuwa wazi, na alipoitwa vidole vyake vilikunjika kidogo juu ya vidole vya mwanawe, na hakuna aliyeweza kusema kama alijua ni nani. Binti alimwita, akamwita tena. Shemasi alisimama mlangoni akisikia. Kila mwito ulimhesabia sentensi moja ambayo mama na mwana wangeweza kusemezana, laiti yeye angefunga mdomo. Binti alipotoka alimwamkia kwa heshima kama siku zote, na hilo lilimuumiza kuliko kama angempita.

Shemeji alifariki asubuhi, jua likiwa limeingia mpaka miguuni pa kitanda.

Furushi Pasi alilifunga mwenyewe. Hakutaka msaada. Alilishusha ngazi zote, akazunguka mpaka nje ya dirisha la kupokelea kama watu wa wodini wanavyofanya, akaliweka chini, sakafuni. Kisha akaingia kwa mlango wa wafanyakazi, akasimama kando. Shemasi aliinama akaliokota kwa mikono miwili. Walichemsha shuka peke yake. Blanketi walilifua kwa mikono, Shemasi akisugua, Pasi akisuuza, wakalianika penye upepo mpaka likakauka.

Blanketi lile lilikuwa dogo. Mtu mmoja angelikunja juu ya meza akamaliza. Pasi alishika pembe mbili, akarusha upande wa pili.

Shemasi alidaka. Walivuta. Walikung'uta polepole. Waliendeana, vidole vikagusana.

"Omba," alisema Pasi.

Wakaachana. Shemasi aliokota mkunjo. Walipokutana aliuliza, "Niombe nini?"

"Sijui. Omba tu. Usiongeze kitu."

Waliachana tena. Shemasi alitafuta. Maneno yote aliyoyajua tangu utoto yalikuwapo, na kila alilolishika aliliona lina kitu kilichoongezwa. Alirudi katikati na pindo lile mikononi, upande wenye uzi mwekundu, akafungua mdomo.

"Mungu," alisema.

Akangoja. Hakuna lililofuata. Pasi hakumsaidia, wala hakuondoa vidole vyake.

"Mungu," alisema Shemasi tena, na Pasi akazipokea zile pembe, akasimama naye hapohapo, akangoja.